Uso Chini ya Jina la Mchezo

Mfinyanzi hulia gaeni, na Kamande wa Lewisham, huku ughaibuni, alikuwa mchoraji asiye na picha ya mkewe. Placida hakupenda kamera. Alisema mke wa mchoraji akienda kwa mpiga picha anamwaibisha mumewe, basi akangoja achorwe.

Si kwamba Kamande alikuwa mvivu. Miaka ya themanini alichora majalada ya michezo ya kompyuta, ile iliyouzwa kwenye kaseti. Mchezo wenyewe ulikuwa vidoti vinavyorukaruka, lakini jalada lilijaa majoka na moto, na watoto walinunua jalada. Mara moja tu Placida alikaa mbele yake, akawa malkia. Kaseti ilipotoka, jina la mchezo lilikuwa limepita juu ya uso wake. Alicheka, akasema atangoja zamu nyingine.

Zamu haikuja. Alifariki mwaka 1995, na kazi nayo ilikuwa imekwisha, maana michoro sasa ilitengenezwa kwa kompyuta. Kamande alibaki mpweke, na tamaa moja: kuipata picha ya asili. Jina la mchezo, alitueleza kanisani, liliandikwa kwenye plastiki nyembamba iliyolazwa juu ya mchoro. Ukiifunua, unamwona Placida. Alilisema hilo mpaka watu wakamkwepa.

Mwaka 2004 tukasikia kwamba Parminder, mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa karani wa kampuni iliyouza kaseti zile, aliihifadhi picha kampuni ilipofungwa. Nikamsindikiza Kamande hadi kwake Southall. Alivaa suti ya harusi yake.

Parminder aliiweka picha mezani, akaenda kuleta chai. Kamande akaifunua plastiki.

Shingo ilikuwa ya Placida, na mikono pia. Mahali pa uso palikuwa na rangi ya buluu tupu. Akaniambia kwamba wachoraji wa majalada hawakupoteza muda kuchora pale jina litakapokaa. Mkono ulifuata mazoea ya kazi, naye miaka yote aliamini amemchora. Nilimhurumia hadi nikashindwa kumtazama.

Parminder akarudi. "Mzee, huyu malkia ni nani?"

Kamande alikuwa ameshairudisha plastiki. "Ni bibi yangu," akasema. "Ako hapo chini."

Parminder akamwambia aichukue. Kwenye treni nilimshauri amchore sasa, nafasi si ipo?

"Sura yake imenipotea," alisema.