Namba Iliyofifia kwenye Bunduki ya Uru

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinikabidhi tupa, akanionyesha jiliwa, ile taya ya chuma inayobana kitu mezani, kisha akasema, "Kijana, mwenye bunduki atakudanganya. Chuma hakina mdomo wa kudanganya." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kujiona msomi, kwa hiyo nikayaandika maneno hayo daftarini. Tangu hapo sikumwamini mtu, hata muuza maandazi wa Kiboriloni.

Wenzangu wakistaafu huhesabu vituo: Tabora, Songea, Mtwara. Mimi nilihamishwa mara moja tu, kutoka benchi la mlangoni kwenda la dirishani, na hata hapo nililalamika.

Kazi yetu ilikuwa bunduki za serikali zilizochoka: springi zilizolegea, vitako vilivyopasuka, na hasa kivuta ganda, kijino kidogo kinachong'oa ganda la risasi baada ya kufyatua. Kikilika, ganda hubaki ndani, na tembo hangoji.

Ndivyo ilivyoletwa bunduki ya Apolinari, askari wa wanyamapori aliyelinda mashamba ya Uru yanayopakana na msitu. Ilikuwa kuukuu, imepita mikono mingi, na enzi hizo aliruhusiwa kukaa nayo nyumbani. Nikabadilisha kijino, nikakijaribu, kikashika. Nilipoigeuza niandike namba, namba haikuwepo. Palibaki kivuli cha tarakimu mbili, na chuma kinang'aa kama sahani ya harusi.

Bunduki iliyofutwa namba ni bunduki inayotafutiwa mnunuzi. Mkuu aliitazama, akavua miwani.

"Andika imefutwa kwa makusudi. Jumatatu polisi wamchukue."

Nilishika kalamu. Kilichonizuia hakikuwa huruma. Tupa huacha mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Mng'aro huu ulikuwa wa kuzungukazunguka, na ulifika hadi kwenye skrubu. Nikaomba siku moja nipande Uru. Mkuu akanishuku papo hapo, maana hakuwahi kuniona nikiomba kwenda popote.

Apolinari alikuwa msituni. Nilipokewa na dada yake, Filomena, akanipa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Kijiko kilikuwa kimelika upande mmoja, chembamba kama jani. Nikainua macho ukutani: sufuria zote zimepoteza nembo ya kiwanda. Nikauliza, kama mtu anayepoteza muda, bunduki ya kaka huwa inakaa wapi.

"Sandukuni. Lakini kila Jumamosi naitoa. Siwezi kwenda misa nimeacha kitu kichafu ndani."

"Unaisafisha na nini?"

"Majivu, mchanga wa mtoni na maganda makavu ya mgomba. Kwani ninyi wa mjini mnasugulia nini? Maneno?"

Niliporudi karakana tulifungua mti wa bunduki, ule ubao unaoshika mtutu. Chini yake, mahali ambapo majivu hayafiki, namba ilikuwa imepigwa mara ya pili, nzima, na ilikubaliana na ya kwenye rejista. Nikaandika: namba imefutika kwa usafi. Mkuu aliisoma ripoti mara tatu kabla ya kusaini. Apolinari akabaki na kazi yake, akaagizwa amfiche dada yake funguo za sanduku.

Mwaka uliofuata nilimpelekea Mkuu kadi ya harusi yangu na Filomena. Nayo aliisoma mara tatu.

"Ile ripoti," akasema, "uliiandika kabla ya mtori au baada?"

Sasa nimestaafu. Nakaa nyumbani, kazi niliyokuwa nikiisomea maisha yangu yote, na simu yangu imesuguliwa hadi nembo imetoka. Shemeji Apolinari huja kila Jumapili baada ya misa. Ninyi vijana mnaoingia kwenye ufundi, Mkuu alikuwa sahihi: chuma hakidanganyi. Ila hakimalizi habari. Kile kijino nilichokibadilisha kilikuwa kimelika vibaya, kama cha bunduki iliyofyatuliwa mara nyingi, wakati daftari la Apolinari la kuhesabia risasi lilionyesha chache mno. Na majivu hayafiki mle ndani pia. Labda ni mikono iliyomtangulia. Jambo hilo sikuliweka kwenye ripoti, wala sijamwuliza hadi leo. Namkatia nyama, namtazama anavyotafuna. Na Filomena, huku akisugua kijiko, ananitazama mimi.