Binti yangu anaamini nilimwokoa kwa kumtoa meno ya plastiki

Admin, jina langu lifiche, na kijiji changu usikitaje. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mjane, naishi Nyasho hapa Musoma, nauza dagaa na unga. Naandika mwenyewe kwa simu, kwa hiyo nikikosea herufi msinicheke. Nina mpaka Jumamosi tu.

Niliolewa mdogo, upande wa Butiama, miaka ile ya shida ambapo sabuni ilikuwa ya foleni na sukari inagawiwa duka la kijiji kwa orodha. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alipofika miezi saba akaanza kuharisha, mwili moto, udenda unatiririka, anatafuna kila kitu hata kanga yangu. Nikampeleka zahanati. Dawa hakuna. Nesi akaniambia nichanganye maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari, nimnyweshe kidogo kidogo. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuomba sukari. Hata balozi wa nyumba kumi hakuwa nayo.

Ndipo mama mkwe akamfungua mtoto mdomo, akanionyesha uvimbe mweupe kwenye fizi, pale yanapoota meno ya chonge.

"Haya ni meno ya plastiki," akasema. "Hospitali hawajuagi ugonjwa huu. Wakimchoma sindano tu, umempoteza."

Kwa ambao hamjui, watu waliamini kuna meno mabaya, laini, yanayomletea mtoto homa na kuharisha, na dawa yake ni kuyachimba. Sikubisha. Ningebisha kwa lipi, wakati nimeshindwa kupata hata kijiko cha sukari?

Tukaenda kwa mama mmoja Kiabakari. Alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoinoa ncha. Hakuichemsha, aliifuta kwa kitambaa. Mimi ndiye niliyemshika mwanangu kichwa. Akachimba juu na chini, akatuwekea kwenye jani vitu vinne vyeupe, laini. "Mmeona plastiki hiyo?" Tukaona, tukashukuru. Siku ya nne mtoto akafa, fizi zimevimba, hawezi hata kunyonya. Mama mkwe alilia pamoja nami, akasema, "Tulichelewa, mwanangu. Tungewahi angepona." Nilimwamini kwa moyo wote.

Kwa hiyo wa pili alipozaliwa, binti, nikasema huyu sichelewi. Homa ya kwanza tu, ana miezi sita, nikamfunga mgongoni nikaenda Kiabakari mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Akapona. Jamani, nilivyomtangaza yule mama! Kila niliyemwona na mtoto anayetoa udenda nilimwambia wahi, usifanye kosa langu. Wengine niliwasindikiza. Kimbelembele changu hicho ndicho kinachonitafuna hadi leo, maana sijui wangapi walizika.

Kipindi cha ruksa, biashara zilipofunguliwa, tukahamia mjini, mume wangu akafungua duka. Sukari ikajaa magunia kwa magunia, mpaka nikawa naipima kwa hasira. Binti alipong'oa meno ya utoto, ya mbele yakaota yamepinda, na chonge za chini hazikuota kabisa. Nikampeleka kwa daktari wa meno. Akamwangalia muda mrefu, akamwambia akasubiri nje, kisha akaniuliza, "Mama, huyu alichimbwa meno akiwa mdogo?" Nikasema ndiyo, ya plastiki. Hakunifokea. Akanieleza kwamba meno ya plastiki hayapo. Kile cheupe ni jino lenyewe, bado changa, na wapo watoto wanaokufa kwa kuvuja damu au vidonda kuoza. Binti yangu alipona homa tu, kama watoto wengine wanavyopona. Habari za yule wa kwanza hakuniuliza, nami sikumwambia. Sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu mpaka anaingia kaburini.

Binti amekua na hadithi niliyomlisha mwenyewe: kaka alikufa kwa kuchelewa, yeye akapona kwa sababu mama aliwahi. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, lakini watu anawaambia, "Mama yangu alinipigania." Sasa ameolewa Bunda, kahangaika miaka kumi na miwili kupata mtoto. Mtoto ana miezi saba. Ana homa na anaharisha. Hospitali walimpa pakiti za kuchanganya na maji, wakasema asipopata nafuu arudi. Juzi kanipigia.

"Mama, mkwe wangu kapata mtu wa kumtoa meno. Jumamosi tunaenda. Naomba uje unishikie mtoto, mimi sitaweza kutazama."

Nikamwambia mwanangu, meno hayo hayapo, mrudishe hospitali leo hii.

"Mama nawe umeanza mambo ya redioni? Si mimi huyu nilitolewaga nikapona? Unataka nichelewe kama kwa kaka?"

Nikasema nitakuja.

Najua mtaniambia sema ukweli, basi. Tangu juzi nimempigia mara tatu. Akipokea nauliza mtoto kanyonya, kisha naaga. La kumzuia ni moja tu, nimwambie kaka yake hakufa kwa kuchelewa, alikufa kwa sababu tulimpeleka, na meno yake yeye niliyapeleka mimi yakachimbwe. Atanichukia, na sina mtoto mwingine. Au hataniamini, atasema ni uzee, na mtoto atachimbwa hivyo hivyo mbele yangu.

Kesho asubuhi naenda Bunda. Atanipokea mlangoni, mkwe wake yuko nyuma yake, ataninyooshea mtoto nimpokee. Nishaurini, wanangu, nimwambie pale pale mlangoni nikiwa nimemshika mjukuu wangu, au nifanye nini?