Amina Niliyoiacha Chini ya Mti

Mimi ni katekista kijijini kwetu Ntobeye. Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanakwaya wanane kusali kilimani. Wakati wa kurudi ukungu ulishuka, tukapotea porini, na wasichana wawili wakaanza kulia. Nikawakaripia: "Mnaogopa nini wakati Mungu yupo? Pigeni magoti, fumbeni macho, na asifumbue mtu mpaka niseme amina."

Walitii. Nikaanza kusali, na sala ilikuwa imeninogea kwelikweli, niliposikia kitu kizito kinavunja matawi nyuma yetu. Nikajua ni nyati. Sikusema amina. Nilivua viatu taratibu nikapanda mti wa karibu, na ili wasishtuke, niliendelea kusali huko huko juu.

Kichakani akatokea ng'ombe, na nyuma yake mama mmoja wa Kisukuma mwenye fimbo. Aliwatazama waliopiga magoti, akavitazama viatu vyangu, kisha akainua macho.

"Shikamoo, mama," nilinong'ona.

"Marahaba, mwanangu!" akaitikia kwa sauti kubwa. "Wenzako wanasali. Wewe huko juu umefuata nini?"

Wote wanane wakafumbua macho bila kusubiri amina.