Panya Wangu Hawakuwa na Kosa

Chekeni tu, maana hapa kwetu Itetemia watu wote wameshacheka: mimi, mwalimu wa baiolojia, mtu mzima na heshima zangu, nilidondoka mbele ya wazazi kwa sababu ya panya.

Mwalimu mkuu alitaka chumba cha klabu yetu ya sayansi kiwe ghala la mahindi, wazazi ndio waamue. Nikasema waje kwanza waone klabu inafanya nini. Nilikuwa na panya wawili waliokua pamoja. Ukimfungia mmoja kwenye chupa, mwenzake anahangaika na kizibo mpaka anamtoa (ile sehemu ya ubongo inayofurahia chakula hufurahia pia kumwokoa mwenzake). Asubuhi ile mmoja akatoroka. Mwenye akili angeahirisha, mimi nikanasa mwingine stoo nyumbani, nikajisemea panya ni panya.

Basi mbele ya umati, panya wangu akamtazama mgeni ndani ya chupa, akakaa, akaendelea kutafuna karanga zake! Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Chilewa, ambaye ni Mgogo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya wapagazi, akapaza sauti: "Huyo Mnyamwezi mwenzio, mwalimu! Karanga kwanza, ndugu baadaye!"

Nikainama nimsukume kwa kidole, akarukia ndani ya mkono wa gauni langu, nikapanda meza nikipiga mayowe, meza ikavunjika, nikatua kifudifudi, gauni kichwani, panya akatokea shingoni akaenda zake. Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Aliyekuja kunifunika kwa koti lake ni Mzee Chilewa.

"Inuka mtani, ukifa nitamtania nani?"

Nikasimama na vumbi langu mdomoni, hasira zimenipanda. "Mmeona? Panya hakumsaidia asiyemzoea, na nyie mmefanya vilevile! Aliyeniinua ni aliyenizoea. Somo limeisha!"

Chumba walikichukua hata hivyo, wakakijaza mahindi. Sawa. Mahindi yameleta panya, ukoo mzima, wanakulia humo humo pamoja, na ufunguo ninao mimi. Siku ya wazazi ijayo nitasimama palepale tena, na wawili wao na chupa yangu. Ninachoapa ni kimoja tu, sitavaa gauni, nitavaa suruali. Na atakayesema mwalimu wa kike havai suruali, aje ashike panya yeye.