Eunice na Mwizi wa Ukoo Wao

Mimi Teresia ni mjane, na sikujaliwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo nilimuoa Eunice kwa ng'ombe, kama sisi Wakurya tunavyofanya, ili nyumba ya marehemu isifungwe. Watoto wake wanaitwa kwa jina la mume wangu. Akiondoka, nimekwisha. Ndiyo maana namchunga, na sioni aibu kusema.

Kusoma sijui. Jioni Eunice hunisomea gazeti, na zamani alisoma bila kukwama. Tangu pikipiki ilipomwangusha pale Nkende akagonga kichwa, ameanza mambo. Anasoma vizuri, halafu kimya. Macho yanapanda juu ya ukurasa, yanashuka.

"Unatafuta nini huko?"

"Hakuna kitu, Mama."

Hakuna kitu! Dalili ya mvua ni mawingu.

Siku moja akasoma habari ya Wangwe aliyemwibia Emanuel ng'ombe. Nikamuuliza aliyekamatwa ni nani.

"Emanuel," akasema.

Yaani mwenye mali ndiye akamatwe? Redio ilishasema asubuhi kwamba ni Wangwe, na huyo Wangwe ni wa ukoo wa kina Eunice. Nikasema moyoni, huyu anamfichia ndugu yake, na kesho atawafuata hao hao. Damu nzito kuliko maji. Usingizi ukaniruka.

Nikampeleka hospitali, daktari amuumbue. Daktari akampa kipande cha hadithi, akakisoma chote vizuri.

"Sasa huyo aliyeanguka mtoni ni nani?" daktari akamuuliza.

Macho ya Eunice yakapanda juu ya karatasi, yakashuka. Jina hakulipata.

Daktari akanigeukia. "Bibi, mtu akisoma, ubongo unawashika waliokwisha kutajwa. Akikuta 'yeye' au 'huyo', unarudi nyuma haraka kumchukua anayehusika, wala mwenyewe hajui. Wa huyu, tangu agonge kichwa, unawaachia njiani. Hadanganyi. Taratibu anaweza kupata nafuu."

Tulipotoka nje nikamfokea. "Kwa nini hukuniambia?"

Akaanza kulia. "Niliogopa, Mama. Nilijua utanirudisha kwetu, udai ng'ombe zako."

Kumbe na yeye muda wote alikuwa ananichunga mimi. Iliniuma sana.

Jioni nikamwekea gazeti mapajani. "Soma. Wewe shika maneno, mimi nitashika watu."

Akasoma, akafika mahali akasimama. Safari hii macho hayakupanda juu. Alinitazama mimi.

"Huyu ni nani, Mama?"

"Ni yule mwenye duka," nikamwambia, naye akaendelea.