Maua ya Ndani na Kifua cha Mama Nyabwire

Kazi ya kwanza niliyopewa siku niliyoajiriwa ilikuwa kutoboa makopo. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, simjui mtu Musoma mjini isipokuwa mjomba aliyenipokea mtaa wa Nyakato, na nilikuwa na haya kiasi kwamba nilimwamkia Bwana Bustani huku nikitazama viatu vyake. Bwana Bustani ndivyo tulivyomwita msimamizi wa kitalu, yaani mahali pa kuoteshea miche. Kitalu chetu kilikuwa karibu na ziwa, na kutoka pale maua yalikwenda kupamba ofisi za mjini. Alinionyesha rundo la makopo ya mafuta ya msaada, akanipa nyundo na msumari.

"Toboa chini, usitoboe ubavuni," akasema. "Maua machache yanakufa kwa kiu. Mengi tunayazamisha sisi wenyewe."

Ninyi mnaonunua vyungu vya rangi leo mtashangaa kusikia habari za makopo. Miaka ile sabuni ilipangiwa foleni, sukari ilipangiwa foleni, na dukani ungeweza kukuta rafu tupu na muuzaji amekaa anapunga nzi. Hakuna aliyekuwa anafikiria chungu cha maua. Tulipanda kwenye makopo, tukayapaka chokaa nje, na mara nyingine mke wa ofisa alikuja kutuomba kopo moja la kuchotea maji. Bwana Bustani alimpa. Alisema ua linaweza kusubiri, watoto hawawezi.

Pale ndipo nilipojifunza kazi. Nilijifunza kuchanganya udongo wa juu na samadi iliyokaa mpaka ikapoteza harufu, kisha mchanga mnene wa ziwani ili maji yasituame. Nilijifunza vipandikizi, ambavyo ni vipande vya tawi unavyovikata chini kidogo ya kifundo na kuvichomeka kwenye udongo mpaka vitoe mizizi. Nilijifunza kwamba mkonge pori unavumilia chumba chenye giza na mtu anayesahau kumwagilia, kwamba kangaga, lile la majani kama chanuo, linataka unyevu, na kwamba lile ua la majani makubwa yenye madoadoa meupe haliwekwi kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, kwa sababu utomvu wake unachoma mdomo. Visahani vya chini ya makopo tulivimwaga kila mara ili mbu wasizaliane humo.

Lakini jambo alilolisimamia zaidi lilikuwa kufuta majani. "Jani linapumua," alinieleza. "Lina matundu madogo ambayo jicho halioni. Vumbi likiyaziba, ni kama mtu aliyevikwa gunia kichwani." Kitambaa kiwe na unyevu, kiganja kimoja kiwe chini ya jani, kingine kifute kutoka kwenye kikonyo kwenda kwenye ncha. Mafuta hapana, hata kama mgeni mkubwa anakuja na watu wanataka majani yang'ae. Nilishika hilo barabara. Nilipohamishwa, sifa iliyonitangulia ilikuwa kwamba majani yangu unaweza kujiangalia humo.

Nilihamishiwa Bunda, kwenye jineri moja, kiwanda cha kutenganisha pamba na mbegu. Nyakati zilikuwa zimeanza kugeuka. Mitumba ilikuwa imerudi sokoni, wafanyabiashara binafsi walikuwa wanaruhusiwa kununua pamba, na kila kiwanda kilikuwa kinazungumza habari ya kupunguza watu. Meneja wetu alikuwa mtu mrefu mwenye miwani, msomi, mpole, na alipenda kusoma magazeti ya nje. Siku niliyoripoti alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha mchapaji.

Mchapaji alikuwa Mama Nyabwire, mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa anapiga taipu bila kutazama vidole, na kila baada ya mistari michache alisimama kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kumkunja mgongo, kisha anafuta macho na kuendelea.

"Nimesoma kwamba mimea ya ndani inasafisha hewa," Meneja aliniambia. "Nataka uijaze humu. Mganga wa zahanati ameniambia kifua cha Mama kisipopata nafuu msimu huu, hataweza kuendelea na kazi. Na wewe unajua sasa hivi kinachomkuta mgonjwa pale watu wanapopunguzwa."

Nilijua. Mgonjwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka, na ada za shule zilikuwa zimeanza kudaiwa tena. Mama Nyabwire aliniangalia, akaniita kijana kwa lugha ya kwao: "Karibu, mura. Usiniletee yenye miiba."

Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote. Niliweka kangaga dirishani upande wa barabara. Niliweka mkonge pori nyuma ya mlango. Juu ya kabati la mafaili, ukutani, niliweka mani planti kubwa, ule mmea unaotambaa, nikauacha uning'inie chini kama pazia. Meneja mwenyewe ndiye aliyechagua mahali pale, kwa sababu ukuta ule ulikuwa na tundu baya. Zamani lilipitisha bomba. Bomba lilikuwa limetolewa, tundu likabaki, na upande wa pili wa ukuta ndiko zilikokuwa mashine. Mani planti ililifunika vizuri, chumba kikapendeza. Watu waliokuwa wanasimama mlangoni kuuliza habari zao walianza kuingia na kukaa.

Aliyepinga alikuwa mlinzi, Mzee Magesa. "Mimi nilisikiaga maua yanakula hewa usiku," aliniambia getini. "Utaua watu wewe. Siku moja tutamkuta huyo mama amelala juu ya taipu."

Mganga wa zahanati alikuwa anapita, akacheka. "Ni kweli usiku yanatumia hewa kidogo, Mzee, lakini ni kidogo sana. Mtu anayelala kando yako anatumia zaidi ya maua ya chumba kizima. Mbona hujamtoa nje mama watoto?"

"Nimejaribu," Mzee Magesa akajibu. "Kagoma."

Katika mwezi wa kwanza wa maua hayo Mama Nyabwire alisema anajisikia vizuri. Nadhani alisema kweli. Kilikuwa kiangazi, upepo mkavu, na maua yanatoa unyevu kidogo kwenye majani yake. Koo la mtu anayekaa ndani siku nzima linaona tofauti. Tena macho yaliyochoka na karatasi yanapata mahali pa kupumzika. Lakini msimu wa pamba ulipochanganya na mashine zikawa zinafanya kazi mchana kutwa, kikohozi kilirudi, kikali kuliko mwanzo. Meneja akaniambia niongeze maua. Nikaongeza. Kila asubuhi nilifika kabla ya wote, nikafuta jani moja moja, mpaka chumba kinang'aa. Kikohozi kikaendelea.

Ndipo nikaazimwa Butiama. Kulikuwa na nyumba ya kulala wageni iliyokuwa inatayarishwa kwa ajili ya ugeni, wakataka mtu wa kupanga maua vyumbani. Nilikaa huko juma zima. Kazi ilikuwa nyepesi: vyumba vina madirisha pande mbili, upepo unapita, na mama mpishi alinikataza kuweka chungu chochote karibu na jiko lake, akisema jikoni kwake kinachotakiwa ni moshi kutoka, si majani kuingia. Nilimwona mkali bure.

Niliporudi Bunda niliingia ofisini na kitambaa changu na ndoo, kama kawaida. Mama Nyabwire alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Usiyafute," akasema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Weka hicho kitambaa chini. Angalia kwanza."

Nikaangalia. Kangaga la dirishani lilikuwa na vumbi jekundu la barabara, kidogo tu. Mkonge pori wa nyuma ya mlango ulikuwa karibu safi. Lakini mani planti ya ukutani ilikuwa nyeupe. Ilikuwa na manyoya. Nyuzi za pamba zilikuwa zimeshikamana kwenye kila jani, na majani ya nyuma, yale yaliyoelekea tundu, yalikuwa mazito kama yamevaa blanketi. Meza yake ilikuwa chini ya hapo hapo.

"Kila siku unafika kabla yangu, unafuta," Mama Nyabwire akasema, taratibu, ili asikohoe. "Mimi nakuja nakuta majani yanang'aa, nasema hewa ya humu safi, ugonjwa ni wangu mwenyewe. Kumbe ulikuwa unaniondolea kila kitu cha kuona."

Alikwenda kumwita Meneja yeye mwenyewe. Meneja alisimama mbele ya kabati. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na haya ni yale yaliyonaswa na majani," akasema. "Yasiyonaswa yamekwenda wapi?"

"Unayasikiaga kila siku nikikohoa, bwana," Mama Nyabwire akamjibu.

Meneja hakuwa mtu wa kubishana na kitu anachokiona. Mchana ule ule fundi aliitwa akaziba tundu kwa mawe na saruji. Saruji ilikuwa imeanza kupatikana. Miaka michache nyuma tungeziba kwa gunia. Dirisha la upande wa mashambani lilikuwa limepigiliwa mbao tangu kioo kilipovunjika wakati wa shida, na kila mtu alikuwa amezoea kwamba pale hapana dirisha. Likafunguliwa, likawekwa wavu. Meza ya Mama Nyabwire ikahamia hapo. Maua mengi niliyokuwa nimeongeza niliyatoa, nikabakiza machache.

Na utaratibu wangu wa kazi ukabadilika. Mani planti Meneja aliamuru isifutwe mpaka Ijumaa. Ijumaa sisi watatu tulikuwa tunaitazama kabla sijagusa kitambaa. Tuliiita shahidi. Juma la kwanza lilikuwa na nyuzi kidogo, kwa sababu saruji ilikuwa imeacha ufa pembeni, fundi akarudi. Juma lililofuata shahidi alikuwa wa kijani. Mzee Magesa alikuwa anauliza getini, "Mahakama imesemaje leo?" nami ninamjibu kwamba mshtakiwa, yaani ukuta, ameachiwa.

Kikohozi hakikuisha mara moja. Kifua kilichokula pamba misimu kadhaa hakiponi kwa juma moja, na Mganga alimwambia hivyo wazi. Lakini mistari kati ya kikohozi na kikohozi iliongezeka, ikawa ukurasa, kisha kurasa. Msimu ulipokwisha Mganga alimpima, akamwambia Meneja kwamba mchapaji wake anaweza kufanya kazi.

Tangazo la kupunguza watu lilisomwa kwenye uwanja wa marobota, mbele ya marobota yenyewe ya pamba, yaliyofungwa tayari kusafirishwa. Nilisimama karibu na Mama Nyabwire. Jina lake halikutajwa. Langu lilitajwa. Kiwanda kinachohesabu kila kitu hakina haja ya mtu wa maua, na hilo sikulionea ajabu. Mama Nyabwire alinishika mkono wa shati.

"Wamekosea," akasema. "Nitakwenda kumwambia Meneja."

"Hawajakosea, Mama. Maua yaliyobaki unaweza kuyamwagilia mwenyewe. Kifua hakuna mwingine wa kukubebea."

"Utakula nini, mura?"

"Nitauza maua hayo hayo, kwenye makopo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi Musoma, nikaanzisha kitalu changu Nyakato. Soko huria lililonitoa kazini ndilo lililonilisha: nyumba za wageni zikaongezeka, ofisi binafsi zikafunguliwa, na kila mwenye ofisi mpya alitaka kitu cha kijani mlangoni. Nimeishi kwa kazi hiyo, nimesomesha, nimejenga. Sasa magoti hayakunjiki tena na wanangu ndio wanaochimba. Ninaandika haya taratibu, siku mistari miwili, siku nyingine mitatu.

Wateja wa sasa wanakuja na simu, wananionyesha picha na kuuliza ni ua gani linasafisha hewa. Ninawajibu kwa uhakika, kwa sababu nimeliona kwa macho. Weka maua ndani. Yanatuliza moyo, yanatoa unyevu kidogo wakati wa ukavu, yananasa vumbi linalopita karibu, na mgonjwa aliyelala akitazama jani jipya linavyofunguka ana habari ya kumwambia anayekuja kumwona. Lakini hakuna ua linalofanya kazi ya dirisha, wala linaloshinda moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba. Ziba tundu, fungua dirisha, toa jiko nje, ndipo uje tuongee habari ya maua. Yule mpishi wa Butiama alikuwa sawa kabisa. Wengine wananiona mfanyabiashara mbaya. Wengi wanarudi.

Mama Nyabwire alifanya kazi pale mpaka umri wake wa kustaafu, akaagwa kwa soda na hotuba kama wengine. Baada ya hapo alijiunga na kwaya ya kanisa lao. Mwaka juzi nilialikwa Bunda kwenye harusi ya mjukuu wake, nikamkuta amesimama mstari wa nyuma na wenzake, mnene, mwenye mvi. Kuna mahali kwenye wimbo ule ambapo wengine wote wananyamaza na sauti moja inabaki imeshikilia. Ilikuwa yake. Nilijikuta nimebana pumzi yangu nikimsubiri, nikashindwa, nikavuta nyingine, naye bado anaendelea.