Maua Niliyoyachora kwenye Kisu cha Mjomba

Mimi ni mtu wa hovyo. Nasema hili mwanzo kabisa, msije mkanionea huruma. Nikikumbuka nilichomfanyia mjomba wangu, natamani kujitemea mate.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kufua visu, kule kwetu juu Uluguru. Mimi nikashuka mjini kufungua banda la uhunzi Mafiga. Yeye akabaki, na kila Idi ndiye mchinjaji wa kijiji kizima. Akipitisha kisu mara moja tu, mnyama katulia. Watu waliusifu mkono ule!

Visu vyetu huunganishwa vyuma viwili. Kimoja kigumu, kama tupa kuukuu. Kingine laini, kama nondo. Unavichoma, unavipiga vishikane, unakunja, unapiga tena. Mwisho unasugua ndimu: kigumu kinakuwa cheusi, laini kinabaki cheupe, na maua yanajitokeza yenyewe. Nondo kwa nondo hupati ua hata moja. Inanoleka, lakini makali hayakai.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, visu vya nje vilijaa sokoni vinang'aa, sisi wahunzi tunapiga miayo. Mjomba akaniletea tupa yake aliyoitunza miaka mingi.

"Mpwa wangu, macho hayauoni moto vizuri siku hizi. Nifulie kisu cha Idi."

"Hiyo tu, mjomba? Umepata!"

Wiki ileile akaja mfanyabiashara wa Dumila, anataka kisu cha maua akawaringishie wenzake. Tupa nyingine sina. Nikatumia ya Mjomba! Kisa? Kutaka sifa tu!

Cha Mjomba nikakifua kwa nondo tupu. Kikatoka cheupe pe. Nikapaka nta, nikachora maua kwa msumari, nikamwagia maji ya betri yale chuma palipochorwa. Yakatokea mazuri kuliko ya kweli. Nikacheka peke yangu, mpumbavu mimi! Mjomba akakipokea, macho yale hayakutofautisha.

Siku ya Idi mbuzi wa kwanza alipita salama. Wa pili, kisu kikagoma. Mjomba akavuta, akavuta tena, ikawa kama anakata kwa kijiko. Jamani, yule mnyama alilia! Kanzu ya mzee imelowa damu, watoto wanakimbia. Na miguu ya mbuzi nimeishika mimi!

Watu waliikataa ile nyama, wakasema ni kibudu, ikafukiwa. Mmoja akasema kwa sauti, "Mzee mkono umemwisha."

Nilijua. Nikanyamaza kimya. Ptuu!

Jioni Mjomba akaniita, akanipa kisu amekifunga kwenye kitambaa safi.

"Kisu chako kizuri sana, mpwa wangu. Mkono wangu ndio umeisha. Mpe mwenye nguvu."

Nikapokea. Nikasema asante!

Hakuchinja tena. Idi zilizofuata alikuwa anajifungia ndani mpaka watu wamalize kula. Mimi nilikuwa nampelekea nyama, nakaa naye, na neno halinitoki. Mpaka tukamzika.

Baada ya mazishi nilikichukua kile kisu nikakisugua kwa mchanga na majivu. Mara mbili tu, maua yote yakafutika.

Wewe fundi unayesoma hapa, ukikosa chuma sema sina. Na ukiharibu, sema palepale, mbele ya walewale wanaomcheka mwenzio. Usingoje kama mimi. Leo nawaambia ninyi nisiowajua, na Mjomba alikufa akiulaumu mkono wake.